Bibi na Babu Katika Msimu wa Shughuli: Mwongozo wa Kiangazi kwa Wazee wa Mtwara na Lindi

Mvua zinapokatika mwezi wa Mei na upepo wa kusi ukashika, mikoa ya Mtwara na Lindi huingia katika majira ambayo sisi wenyeji huyaita kiangazi, ingawa miezi yake ya mwanzo ina baridi kiasi. Mavuno yamekwishaingia ndani, shule hufungwa mwezi wa Juni, njia za vijijini hupitika, na kila ukoo hukumbuka kwamba una mwali wa kutoa, kijana wa kuoza au marehemu wa kusomewa hitima. Kwa mzee mwenye wajukuu hakuna miezi yenye furaha kuliko hii. Hata hivyo, wengi wetu huimaliza tukiwa hoi, ama kwa kufanyishwa kazi kupita uwezo wetu, ama kwa unyonge wa kukalishwa pembeni juu ya kiti cha plastiki na kuletewa sahani, kana kwamba shughuli si yetu. Mimi ni bibi wa wajukuu saba, ninaishi Mikindani, na yote mawili yamenipata. Ninaandika ili mzee mwenzangu aweze kuupanga msimu huu apate nafasi yake katika sherehe, apate burudani zake katika siku za kawaida, na abaki na nguvu korosho zitakapoanza kudondoka.

Hatua ya kwanza: andika kalenda kabla ya kuitikia mwaliko wowote

Chukua daftari mwezi wa Mei. Anza na tarehe zisizobadilika, yaani siku ya kufunga na ya kufungua shule, Sabasaba tarehe 7 Julai, na Nanenane tarehe 8 Agosti, ambayo kwa kanda yetu ya kusini maonyesho yake hufanyika katika viwanja vya Ngongo, Lindi. Tazama pia sikukuu za Kiislamu, kwa kuwa zinarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kuna miaka ambayo Idd au Maulidi huangukia katikati ya msimu huu na kuongeza safari nyingine. Baada ya hapo ndipo uandike shughuli za ukoo kadiri taarifa zinavyokufikia.

Mimi nina kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba shughuli kubwa isizidi moja katika wiki mbili, na siku inayofuata shughuli haina jambo lolote, hata mgeni wa chai. Ya pili inahusu umbali. Mtu wa pwani anayekwenda Newala au Tandahimba akumbuke kwamba anapanda juu ya uwanda wa Makonde, na jioni ya Julai kule haifanani na jioni ya Shangani, pale Mtwara mjini. Khanga mbili hazitoshi, achukue sweta na soksi.

Kuhusu unyago, kalenda hii ina kazi nyingine. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama, neno la bibi mzaa mama pamoja na la mjomba lina uzito mkubwa. Litumie neno hilo mapema. Mwali aingie ndani baada ya shule kufungwa na atolewe kabla ya kufunguliwa, na tohara ya wavulana ifanyike kwa mtaalamu wa afya. Nikisema hivyo mwezi wa Mei, ninasikilizwa. Nikingoja mpaka ngoma zimewambwa, ninaonekana mchawi.

Hatua ya pili: tenga fedha za msimu mara moja

Fedha za korosho huanza kuingia minadani kuanzia mwezi wa Oktoba, na kufikia Juni nyumba nyingi zimekwisha kuzitumia. Kinachobaki mkononi ni cha ufuta, kisha mbaazi. Michango nayo haingoji. Hapo ndipo mzee mwenye mikorosho yake hushawishika kupokea fedha za kangomba, akamwahidi mtu korosho ambazo bado ni maua, kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya kutupa, ili asiaibike mbele ya wakwe. Usifanye hivyo. Mbali na kwamba biashara hiyo imepigwa marufuku, utakuwa umeila sherehe ya siku mbili kwa jasho la mwaka mzima.

Badala yake, amua kiasi cha msimu mzima na ukigawe katika bahasha, moja kwa kila shughuli iliyomo kwenye daftari. Ndani ya bahasha weka noti ndogondogo, kwa sababu raha ya kutuza ni kurudi uwanjani mara kadhaa, na bibi anayemtuza mwali mara tano kwa noti ya shilingi elfu moja hushangiliwa kuliko aliyetoa elfu tano kwa mkupuo akakaa. Bahasha ikiisha, umemaliza kutuza. Kupiga vigelegele hakuna gharama.

Hatua ya tatu: uandae mwili

Nenda kliniki kabla ya Juni, upime shinikizo la damu na sukari, na uombe dawa zitakazotosha siku za safari pamoja na akiba kidogo. Wazee wengi wanaotumia dawa za kuongeza mkojo huziacha siku ya shughuli kwa sababu choo kiko mbali na foleni ni ndefu, kisha jioni miguu imevimba na pumzi hazitoshi. Dawa haiachwi kiholela. Muulize daktari kama unaweza kubadilisha saa ya kuimeza, na siku ya shughuli kaa mahali ambapo choo kiko karibu.

Jambo la maji lina hila yake. Kadiri umri unavyosogea, ndivyo kiu inavyochelewa kumjulisha mtu kwamba mwili umekauka, na kiangazi chetu chenye upepo mkavu huficha jasho. Kwa hiyo usingoje kiu. Mimi hunywa kikombe kila adhana na kingine kati ya adhana na adhana, na ninapokuwa nje ya nyumba mjukuu mmoja hupewa kazi ya kunikumbusha. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo afuate kipimo alichopewa na daktari wake.

Tahadhari nyingine ni ya kwetu hasa. Miezi hii ndiyo miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na vumbi lake la manjano huwasha macho na kubana kifua. Mzee mwenye pumu asilale kwenye nyumba iliyozungukwa na mikorosho wakati mashine zinapita, na wajukuu waliotoka mjini wasiruhusiwe kuzifuata mashine hizo kwa ushamba wao.

Hatua ya nne: chagua kazi moja, uitangaze

Miaka kadhaa iliyopita, katika harusi ya mtoto wa dada yangu, nilijitolea kukuna nazi kwa sababu sikupenda kuonekana nimezeeka. Nikakaa juu ya mbuzi tangu alfajiri, nazi moja baada ya nyingine, beseni likijaa na jingine likiletwa. Bibi harusi alipofika nilikuwa bado nimeikumbatia nazi kwa mikono miwili. Nikasikia vigelegele kutoka uani, nikataka kusimama, magoti yakakataa. Nilimwona bibi harusi kwenye picha za simu siku ya pili yake. Tangu siku hiyo nikajiwekea sharti kwamba katika kila shughuli nina kazi moja tu, na iwe kazi ambayo kijana hawezi kuifanya vizuri kuliko mimi.

Kazi za namna hiyo ni nyingi. Kuonja pilau na mchuzi kabla ya kupakuliwa ni kazi ya heshima na haizidi nusu saa. Kupokea wageni wa upande wa mama ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa vijana hawajui nani ni shangazi na nani ni wifi wa nani, na mgeni aliyesalimiwa kwa jina lisilo lake huondoka na kinyongo. Babu anaweza kupewa kusimulia asili ya jina alilorithishwa mtoto, au kukaa na wazee wa upande wa pili na kuwazungumzisha wasihesabu dakika za chakula kuchelewa.

Mjulishe msimamizi wa shughuli wiki moja kabla, kwa maneno dhahiri: “Mwanangu, mimi nitapokea wageni wa upande wetu mpaka saa saba, kisha nitapumzika.” Bila shaka utajibiwa, “Bibi, wewe kaa tu.” Jibu hilo hutolewa kwa mapenzi, lakini usilikubali, kwa maana mtu anayekaa tu hatimaye husahauliwa hata kuletewa maji. Vilevile usikubali kazi ya pili itakaposogezwa kwako siku yenyewe. Kazi ya pili huja na mtoto mchanga wa kushikiwa “kidogo tu”.

Hatua ya tano: siku ya shughuli yenyewe

Fika mapema uchague mahali. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, hivyo kaa upande wa kusini wa majiko, na moshi wa kuni utakwenda kwa wengine. Kivuli cha mwembe wa asubuhi kitakuwa kimehama kufikia alasiri, kwa hiyo tazama upande wa mashariki wa mti na upange kuhamia huko baada ya adhuhuri. Spika ziwekwazo na vijana zipishe angalau kwa upana wa uwanja. Masikio yakishachoka, mazungumzo hayana ladha.

Suala la kiti linahitaji uamuzi. Kiti chenye mikono ni salama kwa magoti, lakini wanawake wenzako wote watakuwa chini kwenye mikeka, na wewe juu utabaki kama mwenyekiti wa kamati, hadithi zote zikipita chini yako. Ninavyofanya mimi ni kutandika mkeka kando ya ukuta, kuweka mto wa kuegemea, na kumteua mjukuu mmoja mwenye nguvu wa kuniinua kila baada ya muda nitembee hatua chache. Wangu wa mwaka jana alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa kuwa kwa utani wa kwetu yeye ni “mume” wangu, kila aliponiinua wanawake walipiga vigelegele, naye akajifunza kuvumilia.

Ngoma za usiku zisikukoseshe usingizi wala zisikupite. Lala mchana, hata kwa saa moja na nusu. Baada ya isha nenda uwanjani ukae mpaka saa nne, kisha urudi ndani ulale, na umwagize mtu akuamshe kabla ya alfajiri, kwa sababu jambo lenyewe, yaani mwali kutoka akiwa amepambwa, ni la asubuhi. Katikati ya usiku ni zamu ya vijana na watani wao, na wazee wanaokesha wote tunawaona jinsi wanavyosinzia mwali anapopita. Usiku wa Julai joto la pwani hushuka karibu na nyuzi 20, na umande huingia kifuani, basi jifunike.

Kuhusu chakula sina mengi. Kula mapema, pilau kidogo na mboga zaidi, na soda zinapogawiwa chukua maji.

Hatua ya sita: siku zisizo na shughuli, ziwe na mchezo

Kati ya sherehe na sherehe kuna siku nyingi ambazo wajukuu wako nyumbani, simu zimeisha chaji, na mzee anaulizwa, “Babu, tufanye nini?” Hapa ndipo burudani yako inapokuwa pia shule, bila mtu kuiita shule.

Nyumbani kwangu mume wangu huanza na bao. Ubao una safu nne za mashimo manane, jumla ni mashimo 32, na kete 64, ambazo kwetu ni mbegu za mkomwe zinazookotwa karibu na ufuo. Kosa la babu wengi ni kumkalisha mtoto wa miaka tisa mbele ya bao la kiswahili, ambalo huanza na kete chache ubaoni na kete 22 mkononi mwa kila mchezaji, kisha kuanza kumweleza nyumba, kunamua na mtaji kwa pumzi moja. Mtoto hulia au hukimbia. Anza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo hupewa kete mbili na mchezo huanza mara moja. Mfundishe kwa mfuatano huu: kwanza kusambaza kete moja moja bila kuruka shimo, pili, kwamba kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu yake ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani lililo mkabala nalo lina kete, hapo anakula, tatu, kwamba kete alizokula huanza kusambazwa kutoka kichwani, upande wake mwenyewe. Yatosha kwa siku tatu. Bao la kiswahili lingoje likizo ya Desemba.

Kama ubao haupo, chimba mashimo 32 mchangani, kwa kisigino. Mume wangu hamwachii mtoto ashinde kwa hila, naye ana haki, kwa kuwa watoto hugundua. Lakini humruhusu kurudisha hatua moja katika kila mchezo, na humtaka aeleze kwa sauti kwa nini anairudisha. Mzee naye asimame kila mchezo unapoisha, azunguke mwembe mara moja, la sivyo kiuno kitamdai jioni.

Mimi burudani yangu ni kusuka ukili, yaani mkanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka au kipepeo. Usimwanzishie mjukuu mkeka, kwa maana mkeka ni kazi ya wiki nyingi na atauchukia. Mwanzishie kipepeo, ambacho kinaweza kukamilika katika siku mbili au tatu na kinapepea mkaa kweli. Chana miyaa iliyokauka vizuri uzipate chane zenye upana ulio sawa, zilowanishe kidogo kwa maji ili zisivunjike, kisha msukie ukili wa mwanzo wa urefu wa kiganja na umkabidhi aendelee. Vidole vya mtoto hukaza mno. Utaona ukili unajipinda upande mmoja kama samaki aliyekaushwa juani, naye anazidi kukaza ili aunyooshe. Usimnyang’anye. Weka kidole gumba chako juu ya chake, ulegeze chane moja, umwonyeshe jinsi ukili unavyolala wenyewe. Fanyeni kazi hii asubuhi, penye mwanga, na miwani yako iwe imesafishwa. Mzee anayesuka kwa kukisia hufumua mara mbili.

Burudani ya tatu ni kushuka pwani maji yanapokupwa. Hesabu mwezi kwanza. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hupwa mbali zaidi, na kwetu kupwa huko hutokea karibu saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Maana yake ni kwamba miamba huwa wazi jua likiwa kali, kwa hiyo ondokeni mapema, myafuate maji yakiwa yanatoka, na mrudi kabla hayajageuka. Vaa kofia ya ukili na yeboyebo zilizobana mguu, kwani miiba ya baharini haitambui umri, na miamba yenye mwani huteleza. Mzee abaki kwenye mchanga mgumu na fimbo yake, awaonyeshe watoto tundu la pweza kwa mbali na kuwataka watazame bila kutia mkono.

Hatua ya saba: safari moja, isizidi moja

Chagua safari moja ya siku moja kwa msimu mzima. Kwa walioko Mtwara mjini, Mikindani iko karibu kilomita kumi tu, na mtoto anaweza kuliona boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na kuelezwa kwamba kutoka bandari hii David Livingstone alianza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Wanaoweza kufika Msimbati wakati wa Agosti au Septemba wanaweza, kwa bahati, kuwaona nyangumi wakipita na watoto wao. Walioko Lindi wana Ngongo wakati wa Nanenane, lakini nakushauri uende siku ya pili au ya tatu ya maonyesho badala ya kilele chenyewe, uingie saa mbili asubuhi, utazame mabanda matatu unayoyataka, na uwe nyumbani kabla ya adhuhuri. Niliwahi kuzunguka mabanda yote. Sikumbuki hata moja.

Hatua ya nane: kuwafungia mizigo

Wajukuu wa Dar es Salaam huondoka shule zinapokaribia kufunguliwa, na basi huondoka mapema, kwa hiyo mizigo ifungwe jana yake mchana, si usiku kwa taa ya simu. Korosho za kukaanga ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko. Ming’oko (viazi vyetu vya porini) ibaki na udongo wake isioshwe, maana ikioshwa huwahi kuharibika. Samaki mkavu afungwe mbali na nguo. Kipepeo ambacho hakijakamilika usikimalizie wewe kwa ajili ya mtoto. Kikunje pamoja na chane kumi za akiba na kitambaa chenye unyevu, ukiweke juu kabisa ya begi mahali atakapokiona akilifungua, kisha urudi kwenye daftari lako uandike, pembeni ya kila shughuli, saa uliyolala na jinsi magoti yalivyoamka.